Tabasamu Lililokaribia Kumuua Mke Wangu

Kwa jina la Mola aliyezifanya ndimi za waja Wake kuwa nyingi, na kila ulimi akaujaalia mlango wa kuingilia, naanza kusimulia.

Ndugu msomaji, mzee huyu wa ndevu nyeupe alimkamata daktari mkono, sindano ikiwa imeshaelekezwa mwilini mwa mke wake.

Mzee huyo ni mimi.

Muuguzi alipiga ukelele. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliinuka kutazama. Mpwa wangu akanivuta kanzu kwa nyuma, akininong'oneza kwa hasira, "Mjomba, achia! Unatutia aibu!"

Sikuachia.

Kinyaa kilichonishika siku ile hakijanitoka hadi leo, na ndicho kinachoniandikisha haya. Wala si kinyaa cha kidonda. Kidonda nilikiosha kwa mikono yangu mwenyewe.

Lakini kwanza niwapange watu wangu, asije mmoja akavaa kofia ya mwenzake.

Mimi nimeishi kwa kusoma na kusomesha watoto msikitini. Tungo za wazee wetu nazijua kwa moyo. Kiingereza hakikunihusu mpaka wajukuu walipozaliwa ng'ambo. Tukipigiana simu, wao husema nami nikacheka. Nami nikisema, wao hucheka.

Baada yangu anakuja mke wangu. Huyo alikuwa akitusikiliza, kisha husema, "Maalim, mazungumzo yenu matamu kweli. Hakuna hata mmoja anayejua kinachochekwa."

Kisha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, muuza simu. Mtaani wanamwita Redio, na sijaona jina lililomkaa mtu vizuri kama hilo. Redio husema mchana kutwa, wala haijui kama chumbani kuna mtu. Kiingereza chake alikiokota kwenye filamu na kwa wateja, na ukoo mzima ulikiamini kwa sababu moja tu: kinatoka kwa kasi.

Kisha mwalimu wetu wa Kiingereza, binti mwembamba mwenye sauti iliyomzidi umbo, anayesomesha watu wazima wakati wa alasiri katika chumba kilicho juu ya mashine ya kusaga unga. Mashine ikiwashwa, madawati hutetemeka, nasi hutoka darasani tukiwa na unga hadi kwenye nyusi.

Wa mwisho ni daktari mgeni. Yeye nitamleta kwa wakati wake.

Siku moja Mwalimu aliingia darasani, akasema maneno marefu ya Kiingereza kwa uso mkavu, akamaliza kwa kutuuliza kama tumekubali.

"Yesi!" tukajibu.

Mshona mapazia akatabasamu. Mpishi wa hoteli akaitikia kwa kichwa. Dereva wa lori akainua na kidole gumba.

Mwalimu akavuta kiti, akaketi.

"Nimewaambia," akasema kwa Kiswahili, "kwamba kesho nitawapeleka nyote sokoni, niwauze pamoja na mbuzi. Nimeuliza kama mmekubali. Mmekubali."

"Basi mimi niuze mwisho, Mwalimu," akasema dereva. "Nianze kuzoea majani."

Tulicheka mpaka mashine ya chini haikusikika. Yeye hakucheka.

"Hilo tabasamu mlilolivaa, livueni," akasema. "Usipoelewa, simamisha mazungumzo. Omba yarudiwe polepole. Kisha mrudishie mwenzako ulichokisikia, kwa maneno yako machache, akuambie umepata au umekosa. Asipokuitikia, usivuke."

Njia hiyo niliijua. Ndivyo tulivyosoma utotoni. Sheikh hukusomea, nawe humrudishia mbele ya macho yake, na asipoitika huvuki. Sikumbuki hata mara moja aliyotuuliza "Mmeelewa?" akaridhika na ndiyo yetu. Na leo binti ambaye ningeweza kumzaa alikuwa amenirudisha kwenye mkeka ule ule.

Haukupita muda, mke wangu akaota jipu nyuma ya goti.

Likaiva vibaya, likapasuka, usaha ukatoka, na harufu ikajaa nyumba hata jirani akafunga dirisha lake. Nikawa naliosha asubuhi na jioni kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Yeye alikuwa akitetemeka kwa homa, na mzaha hakuuacha.

"Maalim, ningejua jipu ndilo litakalokuweka nyumbani, ningeliotesha zamani."

"Nyamaza, mama, usinichekeshe. Nitakuumiza."

Homa ilipokataa kushuka, tukampeleka hospitali. Redio akatusindikiza, amejipulizia manukato hadi macho yakaniwasha.

Katika wodi ile daktari alikuwa mgeni, wala Kiswahili hakukijua hata cha salamu. Muuguzi alikuwa mmoja, wagonjwa wamemzidi, anakimbia kutoka kitanda hadi kitanda.

"Sista, wewe endelea na kazi zako," Redio akamwambia. "Hapa nipo. Mimi na Kiingereza ni damu moja."

Muuguzi akashukuru, akaenda.

Nikamvuta mpwa wangu pembeni. "Sikiliza, baba. Jambo la kwanza kabla ya yote: mwambie kuwa penisilini inamdhuru. Alipodungwa ile miaka ya nyuma, uso ulivimba na koo likafunga. Tulishaanza kumsomea Yasini."

"Mjomba, tulia. Nimekupata."

Daktari akauliza swali. Lilikuwa refu, na mimi nililiambulia neno moja tu: dawa.

Redio akafunguka. Mikono ikaruka huku na huku, mabega yakacheza, maneno yakamwagika kama njugu gunia likitoboka. Daktari akakunja kipaji kidogo, akauliza tena, safari hii kwa kifupi. Redio akamwaga maradufu.

Daktari akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Redio akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

"Umemwambia habari ya penisilini?" nikamuuliza.

"Zamani sana, Mjomba. Kila kitu freshi."

"Naye amesemaje?"

"Mambo ya kidaktari tu. Hakuna shida."

"Mambo gani?"

"Ah, Mjomba! Huwezi kumkatiza daktari mzima kila neno. Ataona tumetoka porini."

Hapo nikamwona daktari akichukua chupa ndogo yenye unga mweupe. Akatia maji ndani yake, akaitikisa, akaivuta kwenye sindano. Unga ule niliukumbuka, na ile namna ya kuutikisa.

Nikamtazama mke wangu. Naye ameuona. Lakini alikuwa akimtazama daktari na kumtabasamia kwa adabu, kama mgeni anayekaribishwa chai asiyoitaka.

Ndipo nikaukamata ule mkono.

Nawatafsirieni mazungumzo kama yalivyokuwa, kwa kuwa Kiingereza changu siku hiyo kilitoka vipande vipande, na sina sababu ya kukivika nguo.

"Samahani, daktari," nikasema. "Mimi sielewi. Wewe sema tena. Polepole."

"Mjomba!" Redio akafoka.

Daktari akarudia. Sikupata kitu.

"Tena," nikasema. "Polepole zaidi."

Akaniangalia. Akaiweka sindano kwenye trei. Akaionyesha kwa kidole, akamwonyesha mke wangu, akajishika koo, akajaza mashavu pumzi hadi yakavimba. Kisha akapeleka mkono nyuma ya bega lake, kama mtu anayeonyesha siku zilizopita.

Nikamrudishia, kama nilivyokuwa nikimrudishia sheikh: "Wewe unauliza: dawa hii, mwanamke huyu, zamani, mbaya?"

"Ndiyo!" akasema. "Ndicho ninachouliza tangu mwanzo."

"Mbaya," nikasema. "Mbaya sana. Uso mkubwa. Hewa hakuna. Karibu kufa. Penisilini."

Rangi ikamtoka daktari.

"Sasa wewe," nikamwambia. "Wewe nirudishie mimi."

Akavuta pumzi. "Penisilini, hapana. Leo hapana, kesho hapana. Nimepata?"

"Umepata."

Sindano ikaingia kwenye ndoo ya taka. Akaita muuguzi, ikaletwa dawa ya namna nyingine. Mke wangu akapumua, nami nikagundua kwamba muda wote ule alikuwa ameushika mkono wangu wa pili hadi vidole vimekufa ganzi.

Nikamgeukia Redio. Jasho lilikuwa limeyashinda manukato.

"Ulimwambia nini?"

"Mjomba, lile neno la kuvimba lilinipotea."

"Kwa nini usiseme umelipoteza?"

"Mbele za watu? Si ningeonekana sijui? Nikaona nijazie jazie tu."

"Ukajazia nini?"

Akatazama viatu vyake. "Kwamba mkaza mjomba ni mtu mzuri. Anamcha Mungu. Na dawa anazipenda."

"Na penisilini? Jina hilo ni lile lile kwao na kwetu. Ulishindwa nini kulitaja?"

"Niliogopa nitalitamka vibaya."

Ndugu msomaji, nimeosha maiti. Nimezibua vyoo vya msikiti kwa mikono hii. Usaha wa jipu lile ulinirukia kifuani, nikafuta nikaendelea. Lakini maneno yale ya mpwa wangu yaliniingia tumboni kama kitu kilichooza. Kumbe alikuwa radhi mke wangu azikwe, mradi matamshi yake yasichekwe.

Nikatoka nje, nikainama juu ya mfereji, nikatapika.

Nilipoinuka, daktari alikuwa amesimama karibu yangu na kikombe cha maji. Akaketi kwenye ukingo wa baraza. Akaanza kusema, polepole, neno baada ya neno, na kila kipande nikamrudishia hadi akaitika. Basi haya ndiyo niliyoyapata.

"Kiingereza si lugha ya mama yangu. Kwetu hatukisemi. Nilijifunza ukubwani, kama wewe. Yule kijana alisema haraka, na mimi sikuelewa alichokisema. Sikuelewa hata kidogo."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilidhani kibovu ni Kiingereza changu. Nilishauliza mara mbili. Nikaona haya kuuliza tena mbele ya familia. Nikatabasamu."

Nikamtazama mdomo.

Kumbe kitandani pale hapakuwa na mjuzi na wasiojua. Palikuwa na wanafunzi watupu, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na mke wangu amelazwa katikati ya matabasamu yao. Na yeye mwenyewe akiongeza la kwake.

Nilitaka nimpende daktari yule kwa ukweli wake. Sikuweza, si wakati huo. Nikayapokea maji, nikasukutua, nikayatema.

"Mwalimu wangu," nikamwambia, "angekuuza wewe pamoja na mbuzi."

Akafungua mdomo. Nikaliona lile tabasamu likianza kuchungulia pembeni mwa midomo yake. Kisha likafa.

"Sijaelewa," akasema. "Rudia, tafadhali. Polepole."

Nikarudia, neno baada ya neno. Na kile kinyaa changu kikashuka kidogo.

Mke wangu alipona. Alirudi nyumbani na kovu nyuma ya goti na ulimi mkali kuliko alioondoka nao. Ukoo ukaja kumwona, sebule ikajaa.

Nilikuwa nje navua viatu nikitoka kuswali, nikaisikia sauti ya Redio ikinguruma ndani.

"Ikabidi nimshike daktari mkono! Nikamwambia kwa Kiingereza kizito: wewe, simama hapo hapo! Huyu ni mkaza mjomba wangu, penisilini haruhusiwi!"

"Mwanangu!" dada yangu akasema, machozi yanamlenga. "Bila wewe tungekuwa matangani."

Nikasimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Mate yakanijaa kinywani. Nilikuwa karibu kusema neno ambalo mtu aliyetoka kuswali hafai kulisema.

Mke wangu akaniwahi. Alikuwa ameegemea mito, mguu umenyooshwa.

"Hongera, Redio," akasema kwa upole. "Nami nilikuwepo, lakini homa ilinichukua. Hebu nirudishie. Daktari alikuuliza nini?"

Redio akajikuna shingo.

"Polepole tu, baba. Hatuna haraka. Aliuliza nini?"

Watu wote wakamgeukia. Hata feni ya ukutani nilidhani imemgeukia.

Redio akatabasamu.

Tabasamu lile lile. Dada yangu akalitazama, akanitazama mimi mlangoni, kisha akayapangusa machozi yake kwa upande wa nyuma wa mkono, taratibu, kama anayefuta kitu kilichomchafua. Akainuka, akaenda kukaa karibu na wifi yake.

Somo langu kwenu ni fupi. Unayejifunza lugha ya watu, usione haya kusema hujaelewa. Wala usimwonee haya mwenzako anayekwambia hivyo. Simamisha, omba yarudiwe, rudisha ulichopokea. Aibu yake huisha kabla chai haijapoa. Ama tabasamu la asiyeelewa, mimi nimeshaliona lilikuwa linaelekea wapi, na lilikuwa linaelekea kwenye mwili wa mke wangu.

Darasa letu limepungua. Dereva wa lori amehamishwa, mpishi ametangulia mbele ya haki. Redio hajawahi kupanda ngazi zile. Daktari alipanda mara moja, akaketi nyuma, akatoka na unga kwenye nyusi.

Mola amrehemu aliyetutangulia. Na waliobaki juu ya mashine ile, na kila aliyebaki popote akihangaika na maneno ya wageni, awafungue ndimi zao, awaondolee haya isiyo na kheri, na kila wanapouliza awajaalie mtu wa kuwarudilia maneno polepole. Amina.