Kifua Safi cha Wabwile

Mwaka 1937 daktari wa serikali aliyesimamia afya ya vibarua pande za Kitale alitoa tangazo, likabandikwa kwenye mlango wa stoo ya kila shamba: kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa kifua, kwamba huambukizwa kwa kikohozi, na kwamba kibarua asiyekohoa hana ugonjwa huo, kwa hiyo ni mzima na atafanya kazi.

Wabwile hakuwa akikohoa. Alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba moja karibu na Saboti, na kwa miezi saba tumbo lilikuwa likimkata upande wa kulia, akiharisha, mkanda wake ukitobolewa matundu mapya. Mkewe, Nasambu, alitaka kitu kimoja tu: cheti cha kumruhusu alale. Bila cheti, kukosa kukamua ni kutoroka kazi, na kutoroka kazi ni jela.

Daktari alipofika alimwekea chombo kifuani. "Kohoa." Wabwile akajikakamua, akakohoa. "Safi."

"Ni tumbo, bwana."

Daktari akasema neno kwa Kiingereza. Dresa wake, yaani msaidizi wa kufunga vidonda, Kipruto, akatafsiri. "Ati ukule ugali kidogo."

"Sijamaliza sahani tangu Krismasi."

"Basi umeshatii," Kipruto akasema, akaita mwingine.

Mwenye shamba hakuwa mtu mbaya. Alitoa ruhusa ya siku nne. Nasambu akampeleka mumewe kwao Misikhu, ambako mambo hayafanywi nusunusu. Mbuzi akachinjwa, matumbo yakatandazwa juu ya majani ya mgomba, na Mzee Jairus, shemasi wa kanisa siku za Jumapili na msomaji wa matumbo siku zilizobaki, akayafuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Safi," akasema. "Hakuna fundo, hakuna doa. Kijana wetu atapona."

"Kuka," Nasambu akamwita, yaani babu, "lakini huyo mbuzi hakuwa mgonjwa."

"Si ndiyo nasema, mama."

Wazee wakacheka, wakala nyama.

Nasambu alikuwa na kaka huko Kimilili ambaye angemficha Wabwile. Alilifikiria hilo njia nzima. Lakini daktari alikuwa amepima kifua cha mumewe, mzee amepima utumbo wa mbuzi, na wote wawili walikuwa wamekubaliana. Siku ya nne akamrudisha kazini. Kwa kuwa aliambiwa apunguze ugali, akamnywesha maziwa ambayo shamba liliwagawia vibarua, mabichi, kikombe asubuhi na kikombe jioni, apate nguvu.

Wabwile alikufa mwezi wa Agosti katika hospitali ya mjini, alikofikishwa kwa mkokoteni wa mikebe ya maziwa. Daktari akampasua. Utumbo ulikuwa umejaa vidonda na mafundo, akamweleza mjane kupitia kwa Kipruto. Ni kifua kikuu. Mapafu hayakuwa na kitu.

"Alikitoa wapi, na hakuwa anakohoa?" Nasambu akauliza.

Jibu la daktari lilikuwa refu. Tafsiri ilikuwa fupi. "Anasema wakati mwingine ni ng'ombe."

Wiki hiyo mke wa mwenye shamba alimwagiza mpishi wake, Gikonyo, kwamba kuanzia siku hiyo maziwa ya mezani yachemshwe kwanza. Ya vibarua yaliendelea kugawiwa kama yalivyotoka kwa ng'ombe.