Boga Lililopasuka Kando ya Tuta

Nilivaa dera la mama yangu, nikafunga mto tumboni kwa kanga yake, nikaingia jukwaani kwa baiskeli ya mwalimu wa zamu, mbele ya wahitimu, wazazi na mgeni rasmi. Nilipofika katikati nikauchomoa mto, nikawarushia wahitimu, nikasema kwa sauti ya mama kabisa: "Tembo kaingia hospitali, katoka digidigi!" Watu walianguka. Mgeni rasmi alifuta machozi kwa tai. Mama mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, kwenye sufuria la pilau, kashika mwiko.

Upumbavu wenyewe ndio huo. Nimeutanguliza ili msije mkaanza kunipenda bure.

Mama yangu anauza chakula karibu na stendi ya Kilosa. Baba ana mji mwingine Kimamba, na mchango wake katika habari hii unaishia hapo. Pale stendi mama lishe wapo wengi, ila mama alikuwa na utaratibu wake peke yake. Saa saba mchana, wateja wakishajaa, alijipakulia sahani, akavuta benchi, akakaa katikati ya mafundi na madereva, akala kilekile wanachokula wao. Wenzake walikula jikoni wamegeukia ukuta. Mama alisema, "Mpishi anayejificha na sahani yake, muogope." Na mwili wake ulikuwa ushahidi. Alikuwa bonge haswa, bonge la kupisha mlangoni. Wateja walikuwa wakimwambia mgeni, "Kula hapa, mtazame mwenyewe, chakula hiki hakijamuua."

Kumbe kilikuwa kinamuua. Sukari ilipanda, presha ikapanda, magoti yakakataa. Siku moja alianguka jikoni na sufuria la maharage, na tulipojaribu kumwinua ilibidi tuite wapiga debe wanne. Mjomba, kaka yake anayekaa Dar, alimchukua, akampeleka hospitali. Madaktari walikata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, wakashona kilichobaki. Mama alinionyesha ukubwa wake kwa ndizi. "Sasa hivi humu ndani kuna hii," akasema, kisha akaimenya akala nusu, akashindwa, akanipa mimi.

Watu waliambiwa ni vidonda vya tumbo. Ukweli tuliujua watatu: mjomba, mama na mimi. Mimi niliapishwa. Si kwa msahafu, aliniapisha kwa mwiko, na kwa nyumba yetu mwiko unatisha zaidi ya vitu vingi. "Nani atakula kwa mpishi ambaye tumbo lake halipokei chakula chake?" alisema. Akaendelea kukaa mezani saa saba. Alijaza sahani kama zamani, akachota, akapuliza, akasimulia, akachanganya mchuzi na wali, akameza vijiko vitatu, akanyanyuka kama mtu aliyeshiba. Sahani iliyobaki nilikuwa naimaliza mimi jikoni. Yeye alikonda, nikanenepa mimi. Ukitazama vizuri, kwa jumla nyumba haikupungua hata kilo moja.

Miezi miwili baadaye tulikwenda Mikumi kumsalimia bibi, mama yake mama. Mama alipiga magoti, "Shikamoo mama." Bibi hakuitikia marahaba. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole kama anayenunua kuku, akasema, "Mwanangu, wanakuzika lini?"

"Mama, mimi mzima."

"Waliokuwa wazima wote niliwaona. Hawakuwa hivi."

Akatuwekea ugali na kuku mzima. Mama alikula tonge tatu. Bibi akaihesabu ile ya nne ambayo haikuja, akafunika bakuli kwa upande wa kanga yake, akalia pale pale bila kuficha uso. Mama hakumwambia. Bibi ni mtu wa kusema kuwa mwili ni wa Mungu na anayeupunguza atajieleza mwenyewe huko mbele.

Kwenye basi la kurudi, mama alikaa dirishani mpaka tulipokipita kijiji cha Ulaya. Ndipo akasema, "Nitakuja huku kwa baiskeli."

Nikacheka.

"Cheka. Atanikuta nashuka uani kwake kwa miguu yangu. Maiti haiendeshi baiskeli kutoka Kilosa."

Baiskeli ilikuwa amri ya daktari, maana magoti hayakutaka kutembea mbali. Tuliipata Kimamba, mtumba, ya kike, keria imepinda, kengele nzima. Tatizo ni kwamba mama hakuwahi kupanda baiskeli maisha yake yote. Bibi aliwakataza binti zake. Kwa hiyo nikawa kocha. Alfajiri, mama akishaswali, tulitoka wakati stendi bado inafagiliwa, tukashika njia ya chini ya tuta la mto Mkondoa, lile la kuzuia mafuriko, ambako mashamba yanaficha mtu. Yeye kavaa dera juu ya suruali yangu ya michezo. Mimi nyuma, nimeshika keria, nakimbia na kumsema.

"Kanyaga mama! Unapiga pedali kama unaua mende!"

"Usiniachie!"

"Sijaachia."

Nilikuwa nimeachia zamani. Alikwenda hatua kama ishirini peke yake, akageuka kunitafuta, akaniona niko mbali, akapiga kelele, akaingia shambani kwa mtu, akakalia boga. Likapasuka. Nilikimbia nikijua nimemuua, na mishono ile. Nikamkuta kakaa kwenye majani, mbegu za boga zimemjaa mgongoni, anacheka. Tangu atoke hospitali sikuwa nimemsikia akicheka. Akasema, "Boga limepasuka, mimi mzima. Zamani tungepasuka wote wawili."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu akanifuta tope usoni kwa mtandio wake, akasema, "Hii ya boga usimwambie mtu."

Baada ya hapo alijua kuendesha. Wiki chache tu na alikuwa anakwenda Masanze na kurudi kabla sijavaa sare za shule. Alirudi jasho linamtoka, ananuka vumbi na majani, anapiga kengele mlangoni kama muuza samaki ili niamke. Vidonge vya sukari hospitali walimpunguzia. Akachagua Jumapili ya kwenda Mikumi, wiki mbili baada ya mahafali ya shuleni kwetu, kwa sababu yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupika mahafali na hakutaka kwenda akiwa amechoka. Mimi ningemfuata kwa baiskeli ya kuazima. Maji tungebeba chupa nne. Alishaamua hata dera atakalovaa.

Sasa sikilizeni nilivyofikiri, maana nilifikiri, hilo ndilo linaloniuma. Kidato cha tatu chote kilikuwa kinanong'ona kwamba mama yangu kakanyaga waya, yaani ana ule ugonjwa. Jamaa mmoja ninayekaa naye dawati moja aliniletea biskuti na kuniambia, "Pole mzee, siku hizi dawa zipo." Nilipewa pole na watu ambao kwa kawaida wananiibia kalamu. Nikaona dawa ni kuwachekesha. Mtu akishacheka hanong'oni tena. Nitawaambia ni kisu tu, si ugonjwa, tucheke, yaishe.

Hiyo ni sababu ninayoitoa kwa watu. Nyingine ni kwamba niliwekwa kwenye ratiba kama mchekeshaji na sikuwa na kitu kingine kizuri. Boga lile lilikuwa kichekesho bora kuliko vyote nilivyowahi kutunga, na sikukitunga mimi.

Kwa hiyo nikawapa vyote. Kisu, ndizi, sahani ya kuzungusha saa saba, mtoto anayemalizia jikoni. Nikaanguka na baiskeli jukwaani, nikakaa juu ya boga la kweli nililolinunua sokoni, nikasema kwa sauti yake, "Boga limepasuka, mimi mzima!" Nilipoinua kichwa kupokea makofi nikamwona kule nyuma. Alikuwa anakoroga pilau lililokwisha kuiva.

Hakunigombeza. Nilipofika kwenye foleni na sahani yangu alinipakulia nyama nyingi kuliko mwanafunzi yeyote, akasema, "Pita, wenzako wanangoja."

Kesho yake saa saba alivuta benchi kama kawaida, na sahani yake imejaa. Fundi baiskeli mmoja, mteja wa miaka mingi, mtu mzuri tu, akamwambia huku akitabasamu, "Mama, usijisumbue bwana. Tumeshasikia. Huli." Wenzake wakacheka kidogo. Mwingine akasema, "Sasa kama yeye mwenyewe hakili, sisi tunalishwa nini hapa?" Ulikuwa utani. Mimi naujua utani, ndiyo kazi yangu. Mama naye alicheka. Kisha akaichukua sahani yake akaingia nayo jikoni, na nilipomfuata nilimkuta amesimama anameza vijiko vyake vitatu amegeukia ukuta.

Hajarudi kwenye benchi tangu siku hiyo. Wateja wengine wamehamia kwa jirani, wengine wapo. Lakini hakuna anayemwambia mgeni, "Mtazame mwenyewe."

Baiskeli aliendelea nayo siku tatu. Siku ya tatu nilikuwa nyuma yake njia ya Masanze, jua linachomoza, anakwenda vizuri, mgongo umenyooka. Wakaja wavulana wa shule yetu wanaotoka huko, watatu kwenye baiskeli mbili. Walipompita mmoja akapiga kelele, "Digidigi!" Mwingine akaongeza, "Mama, angalia boga!" Na alilisema kwa sauti ile niliyoitumia mimi. Alikuwa amejifunza kwangu namna ya kumwiga mama yangu, na aliiga vizuri.

Mama alishika breki. Akashuka, akaigeuza baiskeli, akaanza kuikokota kurudi mjini. Nilimwambia apande, barabara ni tambarare, nitawapiga wale. Watu walikuwa wameshaamka. Alisalimiwa na kila mtu njia nzima, naye akaitikia kila salamu huku anakokota.

Baiskeli ikaegeshwa nyuma ya jiko. Kuku walianza kulala kwenye keria. Kwenye usukani akaanika matambara ya kushikia sufuria. Asubuhi nikawa nasikia akishika ukuta anapoinuka, kama zamani, akiyalaani magoti yake polepole kwa jina la Mungu.

Ile Jumapili ya Mikumi ilipofika niliamka kabla ya adhana. Nilifukuza kuku, nikakwangua kinyesi, nikajaza upepo tairi zote mbili, nikapaka mafuta mnyororo. Nikanyoosha keria kwa jiwe. Nikajaza chupa nne za maji. Baiskeli ya kuazima nilikuwa nimeileta tangu jana yake. Kisha nikaenda mlangoni, alikokaa kwenye kigoda na ungo wa mchele magotini, anatoa mawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Tairi zimejaa. Maji nimeweka. Tukitoka sasa hivi tunafika Ulaya jua halijawa kali."

Alitoa jiwe moja, akalitazama, akalitupa uani. Akatoa la pili. Nikapiga ile kengele, mara mbili, kama alivyokuwa akiniamsha nayo.

Hakuinua macho kutoka kwenye mchele.

"Nenda wewe, mwanangu," alisema. "Vaa dera langu, na mto usiusahau. Bibi yako atafurahi kuniona nimenenepa."