Balbu ya Nyaya Mbili

Mara ya kwanza Machage kwenda kwa Stanislausi, fundi magari mstaafu pale Makoko, alifuata vifaa tu. Fundi mwenyewe Machage hakumhitaji. Fundi hula faida. Kifaa unakitumia, halafu unakiuza. Ndivyo alivyoishi tangu aanze biashara ya vyuma chakavu Kabasa, kule Bunda.

Alikuwa na pikapu ya petroli ya miaka ya sabini, aliyoinunua Butiama kwa familia iliyoichoka. Haikuwaka. Dennis, mnunuzi wa magari ya kale kutoka Mwanza, angefika Jumamosi; ikigoma mbele yake, imekuwa banda la kuku.

Mzee Stanislausi alikaa juu ya tairi, miguu imevimba kwa miaka arobaini ya kusimamia injini. Alifungua sanduku bila hamu. Machage akaona taa yenye umbo la bastola.

"Hii ndo ya kusetia moto wa plagi?"

"Ndo yenyewe."

"Na haka?" Balbu ndogo, nyaya mbili, utepe mweusi.

"Nilitengenezaga mwenyewe."

Machage akacheka. "Mzee, takataka unaichanganya na mali?"

Akalipa kwa mabati matatu ya kuezekea, akaondoka na ile taa ya bastola. Mzee akafunga sanduku. Balbu ile ni ya nini, hakuulizwa.

Ijumaa, Butiama ilikobaki pikapu, Machage alihangaika tangu asubuhi. Taa ile humulika alama ya puli, gurudumu la mkanda, injini ikiwa inanguruma. Injini iliyokufa haina cha kumulikwa. Jua lilipopinda akampigia mzee simu.

"Baba, umeniuzia kibovu!"

"Kizima hicho. Washa gari utaona."

"Gari lenyewe haliwaki!"

"Basi hapo ndo tunatumiaga ile takataka."

"Niuzie."

"Haiuzwi. Inakujaga na mimi, na mimi nimechoka, mwanangu. Mabati manne, na pikipiki isiyonirusha."

"Matatu, baba."

Simu ikakatika. Machage akapiga tena: manne.

Jumamosi asubuhi mzee alishuka kwenye pikipiki akishika kiuno. Waya mmoja wa balbu akaubana kwenye distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, wa pili kwenye bodi. Akazungusha injini kwa hendeli mpaka alama zikakutana, kisha akaisogeza distributa kidogo, kidogo tena. Balbu ikawaka: moto umekaa mahali pake. Akakaza nati. Pikapu ikakohoa, ikashika, ikatulia. Safari ilikuwa ndefu kuliko kazi.

Dennis alipofika, alilipa bila ubishi mwingi. Halafu akampita Machage, akamfuata mzee aliyekuwa akifuta mikono.

"Mzee wangu, ninayo magari mengine sita kama hili, hayana wa kuyashika. Namba yako?"

Machage akadakia, "Huyu anapatikana kupitia kwangu."

"Tangu lini?" Stanislausi akauliza, hata hakumtazama. Akataja namba polepole, tarakimu moja moja, kama mtu anayetwishwa gunia. Alikuwa amepanga mwaka huu akae tu, aangalie ziwa.

Machage alirudi Bunda na faida ya gari moja. Yale sita yalikuwa yamempita mbele ya macho.