Sahihi Mbili za Mkono Mmoja

Usiku ule nililala na furaha ya kijinga. Katibu wa tawi letu la chama cha wauguzi, naye muuguzi wa siku nyingi, alikuwa amenipigia simu: "Sista Mwajuma, jiandae. Nafasi ya kwenda kusomea shahada ya ukunga ni yako. Hakuna aliyehudhuria mafunzo mengi kama wewe." Asubuhi niende nikachukue barua. Miaka kumi na moja niko na stashahada yangu ile ile, niliowapokea wakiwa wanafunzi wamekuwa wakuu wa wodi, mimi nasukuma toroli la dawa. Nani asingefurahi?

Lakini niseme ukweli, hata kama unanikaba. Mafunzo yale nilihudhuria nusu tu. Wodi ya wazazi tulikuwa mimi na Tausi, shoga yangu tangu chuoni, na hatukuweza kuondoka wote kwa mkupuo. Basi chama kikiitisha mafunzo, mmoja anakwenda, mwingine anabaki na wagonjwa, na aliyekwenda anasaini mahudhurio mara mbili, yake na ya mwenzake. Tulikubaliana kwamba akirudi atamfundisha aliyebaki. Weee, thubutu! Kila siku tukasema kesho, mpaka Tausi akaugua siku tisa, ya kumi tukamzika.

Basi nikaota niko ukumbini kwenye mafunzo. Wauguzi wamekaa kwenye viti vya plastiki, wananitazama. Mlango unafunguliwa, anaingia Tausi na sare yake nyeupe, saa yake ameibana kifuani kwa pini, anahema kama mtu aliyekimbia. Anakuja moja kwa moja mpaka kwangu, anaketi.

Mikono yangu hii ndiyo iliyomwosha yule!

"Tausi," namwambia, "umefuata nini huku?"

"Si umenisainia? Jina langu lipo. Ningeachaje kuja?"

Mama yangu! Nilihisi kiti kinazama nami. Kwa sababu ni kweli, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Mwezi uliopita, Tausi ana miezi mitano kaburini, daftari la mahudhurio lilinifikia ukumbini. Nikaandika jina langu, nikasaini. Mkono kwa mazoea ukashuka mstari wa pili, ukaandika jina la Tausi, ukasaini kama alivyosaini yeye. Nilipogutuka, daftari lilikuwa limeshafika safu ya nyuma. Ningesimama niseme nini mbele za watu? Nikanyamaza, nikanywa chai yao.

Nataka kumwomba radhi, lakini hatuko ukumbini tena. Tuko wodini kwetu, mchana kweupe, na mbele yangu kuna mtoto ambaye ndiyo kwanza amezaliwa. Hajalia. Midomo ya buluu, miguu imelegea. Mama yake ameinua kichwa kitandani.

"Sista, mbona mwanangu halii?"

Nachukua kile kifuko cha kumpulizia mtoto hewa, namwekea usoni, nabinya. Kifua hakipandi. Namgeuza shingo, nabinya tena, hakipandi. Jamani, mafunzo haya alikwenda Tausi! Mimi nilibaki zamu. Nilichosoma chuoni nilishakisahau, maana kila alipozaliwa mtoto wa hivi nilimwita Tausi, nikampisha, nikasimama pembeni kumshikia taa. Na karatasi za chama zinasema nimefuzu.

"Tausi, nisaidie! Wewe ulisomea!"

Amesimama karibu kabisa, machozi yanamtiririka, hasogei. Namvuta mkono, nakamata nguo tupu. Natazama vizuri. Chini ya ile sare amevikwa sanda, na mikono yake imo ndani ya sanda, imebanwa.

"Uliifunga mwenyewe, Mwajuma," anasema. Hana hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Nusu yako nimeondoka nayo. Kaitafute kwa walio hai."

"Sista?" anaita mama wa mtoto. "Sista?"

Nimeamka nimekaa kitako, viganja vyangu vinabinya foronya. Mume wangu ameniinamia. "Mwajuma! Unamlilia nani?"

"Siendi kusoma," nikamwambia.

"Kha! Si jana tu umepiga vigelegele hapa?"

Kulikuwa kunapambazuka. Nikachukua simu nikampigia Katibu, na kabla hajamaliza kunisalimu nikamweleza yote: kusainiana kwetu, mafunzo ambayo sikuyahudhuria, na jina la marehemu lililomo kwenye daftari lake.

Akaniuliza: "Mwajuma, unajua unachokisema? Hii barua nikiichana, nafasi inakwenda kwa mwingine. Na kamati itakuita."

"Ichane. Na kamati iniite, nitakwenda. Lakini niambie, yale mafunzo ya kumsaidia mtoto asiyepumua yanarudiwa lini?"

"Mwezi ujao. Vumilia."

"Katibu, leo saa mbili naingia zamu peke yangu, na nina wanawake wawili wenye uchungu. Nitavumilia vipi?"

Nikamsikia anashusha pumzi, halafu droo ikafunguliwa na kufungwa.

"Mdoli wa mafunzo ninao hapa nyumbani," akasema. "Usioge. Njoo sasa hivi."