Uji Usubiri

Nilikuwa muuguzi wa wodi Kibondo kwa miaka mingi, na sanaa niliyoijua kuliko zote ilikuwa kumwamulia daktari bila yeye kujua. "Daktari, hivi yule mama wa pembeni hapumui haraka kuliko jana?" Anakwenda, anampima, anaandika kile kile nilichokuwa nakiwaza tangu asubuhi, nami namshukuru. Kila mtu anabaki na heshima yake.

Nilipokwenda kusoma shahada ya uzamili ya uuguzi, tayari nina wajukuu, sanaa hiyo ikanitokea puani. Mwalimu alitoa mfano wa mgonjwa aliyezidiwa, akaniuliza ningefanya nini.

"Ningemwita daktari."

"Amesafiri."

"Ningempigia simu."

"Huko mtandao haushiki."

"Basi ningemsubiri."

Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka, lakini moyoni nilikasirika. Mwalimu akaniambia wazi kwamba kwenye mtihani wa vitendo jibu hilo litanifanya nirudie mwaka. "Umekuja kujifunza kuamua, mama. Kuita unajua tayari."

Mtihani ulinikuta Kasulu, wodi ya wanawake. Nilipewa bibi wa Heru Juu aliyeletwa asubuhi hiyo hiyo kwa kuishiwa nguvu. Malaria ilipimwa, haikuonekana. Mtahini alisimama miguuni mwa kitanda. Mimi ni Muha, simshiki mtu mzima kabla ya kumsalimia. Nikainama, nikapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana kwetu. "Mwidiwe," nikamwambia, naye akaitikia kwa makofi yake. Nikamuuliza habari za nyumbani, za maharage, za mvua. Mtahini akatazama saa.

Mimi nilikuwa natazama mikono ya bibi. Kwenye makofi yale, kiganja cha kushoto kilichelewa, kikateleza, kikaangukia shukani. Nikamwomba atabasamu, mdomo ulipanda upande mmoja tu. Nikampima sukari, ilikuwa sawa.

"Nadhani ni kiharusi," nikasema. Papo hapo binti yake akaingia na chupa ya uji, akamimina kikombeni, akaanza kumpelekea mama yake mdomoni. Nami nikageuka kumtafuta daktari. Mazoea yana tabu. Mlangoni hapakuwa na mtu, na kikombe kilikuwa kinakaribia kufika.

"Uji usubiri," nikasema, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. "Hapewi kitu mpaka nimpime kumeza."

Nilimkalisha vizuri, nikampa maji ya kijiko kimoja. Akakohoa, sauti ikabaki na majimaji. "Hali wala hanywi kwa sasa, kitampalia kiingie mapafuni," nikamwambia binti. "Na gari la wagonjwa liandaliwe, aende kupigwa picha ya kichwa leo."

"Na daktari?" mtahini akauliza.

"Naenda kumweleza nilichoamua."

Mtahini alitikisa kichwa kukubali, na kwa furaha iliyonijaa nusura nimkumbatie. Bibi hakufurahi hata kidogo. "Mwana wanje," aliniita mwanawe kwa Kiha, akilalamika kwa ulimi mzito, "salamu ndefu hivyo, halafu uji unaninyima?"

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa nimeshafaulu na bado napigiwa simu za pongezi kutoka Kibondo, bibi alikuja kliniki pale Kasulu akitembea kwa mkongojo na binti yake nyuma. Akaketi, akanipigia makofi ya salamu. Mkono wa kushoto ulichelewa kidogo, lakini ulifika. Kisha akamwambia binti afungue chupa, animiminie uji mimi kwanza.

"Kunywa upesi," akasema. "Leo nimekataa kusubiri."