Mstari wa Thelathini na Moja

Mstari wa thelathini na moja una jina, una kazi, na baada ya hapo hauna kitu. Karatasi ni nyeupe pale, nyeupe iliyogeuka manjano, upana wa vidole viwili. Mistari mingine yote ya orodha ile imejazwa mpaka pembeni kwa mwandiko uleule uliosimama wima: meza, mizani, marobota ya vitambaa, magunia ya samaki wakavu. Anayefungua faili hiyo hudhani kwamba karani alichoka akasahau. Alichoka, ni kweli. Hakusahau.

Aliitwa Liévin Numbi. Mwaka 1953 alikuwa karani wa mizani katika soko la vibanda vya mbao la Kenya, si nchi bali mtaa wa watu weusi wa Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji. Baba yake alikuja kutoka kaskazini pamoja na reli. Mapadri walimfundisha mtoto hesabu na Kifaransa, na ofisi ikamchukua. Kila asubuhi alipita mezani kwa wauzaji na sanduku la mawe ya shaba. Aliweka jiwe upande mmoja wa mizani, akaangalia sindano, akaandika. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuandika uzito ambao hakuupima mwenyewe. Watu walimcheka kwa hilo, na walimwamini kwa hilo hilo.

Moto ulishika soko mwezi wa tisa, saa nane mchana, upepo wa kiangazi ukiwa mkali. Mbao zilikuwa zimekauka tangu mwezi wa tano. Kabla ya saa kumi, safu ya mafundi wa kushona, safu ya wauza vitambaa na nusu ya safu ya wauza samaki zilikuwa majivu. Hakufa mtu. Labda ndiyo sababu moto ule ulisahaulika upesi na wale ambao haukuwagusa.

Siku ya tatu ofisi ilitoa amri. Soko jipya litajengwa kwa matofali, vibanda themanini. Iandikwe orodha ya hasara: jina, kazi, vitu vilivyoungua, mwenye vitu, thamani. Waliopoteza zaidi watapewa vibanda kwanza. Ambaye thamani yake ni sifuri atauzia nje ya ukuta, chini, kwenye vumbi, na polisi wakipita atabeba mzigo wake akimbie. Orodha iwe mezani baada ya siku kumi. Kazi akapewa Liévin, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Alianza na viatu vizuri akamaliza na viatu vya kijivu. Majivu yaliingia kwenye soksi, kwenye mishono ya daftari, kwenye chakula. Kila mtu alimwita, kila mtu alimshika mkono. Edouard, muuza vyuma vya baiskeli, mtu wa kelele nyingi, alimwambia aandike baiskeli kumi na mbili.

"Nionyeshe," alisema Liévin.

"Nikuonyeshe nini, kalani? Iliungua!"

"Matairi huungua, baba. Chuma haiendi mbinguni. Nionyeshe chuma."

Edouard akacheka mpaka akakohoa. "Andika kumi na mbili, Mungu mwenyewe atapunguza."

Liévin alifukua kwa fimbo, akahesabu mifupa ya baiskeli tano, akaandika tano. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila mtu. Kisicho na mabaki hakikuingia.

Siku ya tano alifika kwa Delphine Ngalula. Alikuwa mjane wa kutoka Kasai, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, fundi wa kushona aliyejulikana kwa kola za mashati zisizokunjamana. Alikuwa amesimama mahali kibanda chake kilipokuwa. Miguuni pake kulikuwa na vichwa vinne vya cherehani, vyeusi, vimeinama upande mmoja kama wanyama waliolala. Mabaki yalikuwepo. Kwa hesabu ya orodha, mashine nne zilitosha kumpa kibanda miongoni mwa vya mwanzo.

"Mama Ngalula, pole. Hizi mashini ziko zako?"

"Hapana, baba. Haina zangu."

"Ni za nani?"

"Za kilimba. Bado bantu sita hawajapata."

Liévin alijua kilimba; nani katika Kenya hakukijua? Wanawake kumi, kila mmoja akitoa sehemu yake mwisho wa mwezi, na kila ikitosha, mmoja ananunuliwa mashine. Wanne walikwisha kupewa, Delphine akiwa wa tatu. Kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kibanda, mashine zote zilikaa kwake na wote walishonea hapo, wakipokezana. Wa mwisho katika zamu alikuwa Wivine, msichana aliyeolewa mwaka uliotangulia. Na kulikuwa na desturi moja ambayo wanawake wale hawakuivunja: aliyepewa hasemi *yangu* mpaka wa kumi apewe. Kusema neno hilo mapema ni kumtangazia wa mwisho kwamba hatakula. Vilikuwapo vilimba vilivyokufa kwa neno hilo moja, na urafiki wa miaka ukafa navyo.

Aliandika: *Ngalula Delphine, fundi wa kushona.* Akainua kalamu. Akaiacha juu ya karatasi muda mrefu, kisha akafunga daftari.

Ofisini, mkubwa wa makarani, Constantin, mtu wa tai na saa ya mnyororo, alipitisha kidole kwenye ukurasa.

"Hapa?"

"Hakusema hana. Alisema haina zake."

"Basi zéro."

"Niliona mashini nne kwa macho yangu, bwana Constantin."

"Mwenyewe amekataa mbele yako. Unataka umpende kuliko anavyojipenda? Weka zéro, twende tukale."

Liévin hakuweka. Orodha ikapanda ngazi ikiwa na mwanya wake, na baada ya siku nne ikarudi: haijakamilika. Ofisi haikusoma orodha yenye mwanya. Mistari mia mbili na kumi na miwili mingine ikasimama pamoja na ule mmoja.

Mwezi wa kumi ulipita hivyo. Mawingu yalianza kujikusanya mchana na kutawanyika jioni bila kitu. Watu waliuza chini ya magunia yaliyofungwa kwenye miti. Malori ya samaki kutoka Kasenga hayakungoja. Yalizoea kushusha mzigo katika soko lingine, na wauza samaki ambao meza zao hazikuguswa na moto walikaa mikono mapajani, wakiwa hawana mstari wowote katika orodha kwa kuwa hawakuunguliwa na kitu. Liévin aliwaona kila siku akipita. Aliwasalimu, wakaitika nusu.

Mvua ya kwanza ilimkuta Edouard amejifunika mfuko kichwani. "Numbi!" alipaza sauti, safu nzima isikie. "Kile kidirisha chako cheupe kinatunyeshea!"

Watu walicheka, lakini si kama zamani.

Jioni ile mke wake, Jeanne, alimmenyea viazi vitamu bila kumtazama. "Mume wa mwenzangu anaitwa mwizi kwa kuongeza," alisema. "Weye utaitwa mwizi kwa kuacha. Weka zéro, baba, upumzike. Shiye wote tupumzike."

Kesho yake alikwenda kwa Delphine. Alimkuta akishona kwa mkono, sindano na uzi, shati la mtu. Alikaa kwenye tofali.

"Mama, sema ziko zako. Neno moja tu. Nitaandika nne, utapata kibanda, wenzako watakaa na weye kama zamani."

"Na Wivine akisikia?"

"Wivine hatakuwepo."

"Nitakuwepo miye," alisema Delphine.

Akavuta uzi mpaka mwisho, akaukata kwa meno. Baadaye akasema, kwa upole, kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kumwombea Liévin, "Niandikie zéro, kalani. Nitakaa kwenye vumbi. Vumbi ninalijua."

Hapo ndipo jambo lile lilipomwelemea. Alikuwa ametembea siku zote zile akitafuta mabaki, na hasara kubwa kuliko zote haikuwa na mabaki. Wanawake sita walikuwa wametoa sehemu zao mwezi baada ya mwezi, na hakuna uzi wao ulioungua. Wakati Delphine alipopoteza mashine, wao walipoteza zamu. Hata kama mtu angefukua soko lote kwa fimbo, asingeipata.

Aliandika ukurasa mmoja wa Kifaransa kueleza hayo, akaupeleka kwa mzungu wa ofisi. Yule bwana hakuwa mkali. Alikuwa na homa wiki ile, macho mekundu, na faili zilimfika kifuani. Alisoma mpaka mwisho.

"Numbi, nilikuomba vitu vilivyoungua," alisema. "Mstari mmoja, jina moja. Jumamosi."

Ijumaa Liévin aliwaita wanawake kumi pale penye majivu, ambayo sasa yalikuwa tope. Walikuja na kanga zao kichwani kwa ajili ya manyunyu. Aliwaeleza bila kupunguza: ofisi haijui kilimba, inajua jina, asipopatikana mwenye mashine, hakuna kibanda, wala kwa Delphine wala kwa yeyote kati yao.

"Kama jina ni moja," aliuliza, "liwe la nani?"

Wa kwanza alimtazama wa pili, wa pili akatazama miguu yake. Kisha Delphine akanyoosha kidevu kuelekea nyuma ya kundi.

"Wivine."

"Wivine hana mashini, mama. Hajapata hata moja."

"Njo maana ni yeye," alisema Delphine. "Akisema *yangu* yeye, hakuna tena mtu nyuma yake. Hanyimi mtu."

Mwanamke mmoja akasema ndiyo, mwingine akasema ndiyo, ikazunguka hivyo mpaka ikafika tisa. Liévin alimgeukia msichana.

"Wivine. Mashini hizi nne ziko zako?"

Alitazama vile vichwa vyeusi ambavyo mvua ilikuwa imeanza kuvitia kutu.

"Ni zangu," alisema, akajifunika uso kwa kanga kama mtu aliyeiba kanisani.

Liévin alifungua daftari juu ya goti. Miaka kumi na moja hakuwa ameandika kitu ambacho mizani haikumwonyesha. Mstari wa mia mbili na kumi na nne, wa mwisho, akaandika jina la Wivine, fundi wa kushona, cherehani nne, akaweka thamani, akatia sahihi yake pembeni kwamba yeye ni shahidi.

Constantin aliusoma mstari ule mara mbili. "Huyu mutoto hakuwa na mashini. Kenya yote inajua."

"Nimeshuhudia."

"Na huyu Ngalula? Sasa ni zéro kweli. Ijaze tumalize."

"Alipoteza," alisema Liévin. "Sijui kuandika alichopoteza. Lakini sitaandika kwamba hakupoteza."

Constantin alichukua kalamu ya penseli na kuandika pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba mwanya ule si wa ofisi, ni wa karani. Kwa maneno hayo orodha ilipita. Kwa maneno hayohayo, mwezi wa kwanza uliofuata, Liévin aliitwa akaambiwa arudishe sanduku la mawe ya shaba. Alilirudisha likiwa limepanguswa, kila jiwe kwenye shimo lake. Hakuna aliyekuja kumsindikiza isipokuwa Edouard, ambaye alimpa tairi la baiskeli, jipya, na hakusema kitu cha kuchekesha.

Soko la matofali lilifunguliwa mwaka uliofuata. Kibanda cha sitini na mbili kiliandikwa jina la Wivine, na wanawake kumi walikaa humo kwa zamu, wengine ndani, wengine mlangoni. Walianza upya kutoka kwa wa kwanza, kwa sindano za mkono. Wa kumi alipata mashine yake mwaka 1957. Inasemekana siku hiyo Delphine Ngalula aliweka kiganja juu ya mashine aliyokuwa akishonea, akasema neno lile, mara moja tu, kisha akaendelea na kola.

Liévin hakuwepo kulisikia. Alikuwa amehamia Lukafu na Jeanne, akilima mahindi na kuwapimia majirani mazao yao kabla wanunuzi hawajafika na mizani yao wenyewe. Hakurudi Élisabethville.

Yuko Lukafu bado. Kaburi lake liko nyuma ya kanisa, safu ya pili kutoka kwenye ua.