Sauti Inayovuka Mto

Kwenye baa ninakofanya kazi ya kupanga sauti, kipimo cha muziki mzuri ni simu. Jumapili saa tisa mchana, bendi ikishamaliza wimbo wa kwanza, patron, yaani mwenye baa, anatembea hadi ukingoni mwa mto, anampigia shemeji yake anayekaa Lubunga, ng'ambo ya pili, na kumwuliza swali moja: "Iko inafika?" Ikifika, anarudi akipiga makofi. Isipofika, anakuja kwangu.

Si wazimu wake peke yake. Baa nyingi za ukingoni hapa Kisangani zinajipima hivyo, na sababu ipo: mtu wa Lubunga akisikia gitaa anapanda mtumbwi. Kwa hiyo bafle, yaani zile spika kubwa, zinaelekezwa mtoni, na wateja wanapewa migongo yake. Wanachosikia ni besi iliyogonga ukuta wa saruji ikarudi, ikapanda kwenye mabati, ikashuka tena imechelewa. Maneno ya wimbo hayafiki mezani kabisa.

Nilipofika pale nilikuwa nimemaliza fizikia chuoni na nimekosa shule ya kufundisha. Siku ya kwanza niliuliza mbele ya watu, "Patron, kwa nini bafle haziangalii wateja?"

"Hawa balisha kuja," akajibu. "Bafle iko ya kuita wale habajakuja. Physique yako haikukufundisha ile?"

Baa nzima ilicheka. Nilicheka pia, na bado natafuta jibu.

Nilijifunza mengine polepole. Baa tupu asubuhi inapiga kelele kama pipa, lakini ikijaa, miili ya watu inameza mwangwi na sauti inatulia. Umeme wa bwawa la Tshopo ukipungua nguvu, amplifaya inahema na kila sauti ya juu inakatwakatwa. Na sebene ikianza, sehemu ile ya wimbo ambapo magitaa yanaachiwa yakimbie, mpiga solo anajiongezea, mpiga besi anajiongezea ili asipotee, na mpiga ngoma anapiga kama anayevunja mlango. Nikimwomba mmoja ashushe, ananiuliza kama nimewahi kushika gitaa.

Katikati ya yote hayo alisimama yaya wangu, dada yangu mkubwa, akiimba. Ndiye aliyenitafutia ile kazi. Kinga yake ilikuwa moja: retour, bafle ndogo inayolazwa mbele ya miguu ya mwimbaji ili asikie sauti yake mwenyewe. Bila hiyo mwimbaji hajui anaimba kwa nguvu kiasi gani. Anasukuma, anasukuma tena, na koo halimwambii kitu mpaka limeshaumia.

Mwaka jana koo lilianza kumwambia. Kila Jumatatu aliamka bila sauti. Muuguzi wa kituo cha afya alimtazama kwa tochi akamwambia anyamaze wiki tatu, asinong'one hata, la sivyo sauti haitarudi yote. Mkuu wa bendi aliposikia hivyo alisema waimbaji hawakosekani mjini. Yaya alinyamaza wiki moja tu. Jumamosi yake tulikaa jikoni.

"Kesho minaimba," akasema. "Lakini polepole. Utaniwekea retour karibu?"

"Nitaiweka mbele ya vidole vyako."

"Na hautaitoa?"

"Yaya, nani ataitoa? Mimi njo niko kwenye meza ya sauti."

Niliiweka. Nyimbo mbili za kwanza aliimba vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, chini, bila haraka, akiegemea maneno. Nilikuwa na kaski, zile spika ndogo za masikioni, nikasikia hata pumzi yake. Wateja wa meza za mbele waliacha kuongea. Nilifikiri, kwa kiburi cha mtu aliyesoma, kwamba hivi ndivyo muziki unavyotakiwa kuwa.

Kisha umeme ukashuka, ukarudi kwa ghafla, na bafle moja ya mtoni ikatoa moshi. Patron alikuwa tayari na simu. Alikuja mezani akaniwekea ile simu sikioni.

"Leo muko nalala huko?" aliuliza yule shemeji. Nyuma yake watu walikuwa wanacheka. "Ama kuko matanga? Mutuambie, tulete kahawa ya kilio!"

"Kuko bafle ingine pale," patron akasema, akionyesha miguu ya yaya. "Ile ya kulala. Isimamishe, uielekeze mtoni."

"Ile ni retour, patron. Yaya ni mgonjwa."

"Wimbo mbili tu. Ama haujui kufikisha sauti? Sema, nitafute mwenye kujua."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya nilichofanya. Kwa muda mrefu nilijibu kwamba niliogopa kufukuzwa. Si kweli. Kufukuzwa kusingeniua. Ukweli ni kwamba kicheko cha wale watu wa kwenye simu kiliniingia. Mimi niliyekibeza kipimo cha simu tangu siku ya kwanza, nilitaka nisikike Lubunga. Nilipanda jukwaani katikati ya wimbo, nikachomoa waya, nikaibeba retour hadi ukingoni. Nilipopita mbele ya yaya alinitazama bila kuacha kuimba. Nilimwonyesha vidole viwili: nyimbo mbili.

Patron akapiga simu. "Iko inafika!" akapaza sauti, na watu wakashangilia.

Nikarudi mezani nikavaa kaski. Pale baa nzima mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumsikia yaya, na mtu huyo ni mimi. Alianza kusukuma kabla hata sebene haijafika. Nilijaribu kumwongezea, bafle zikapiga mluzi mkali, nikamrudisha chini. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye noti za juu, halafu mkwaruzo ukawa mpana, halafu kitu kama kitambaa kinachochanika. Shingo yake ilikuwa imesimama mishipa. Wateja walikuwa wanacheza. Mmoja alipita kwangu akanipiga bega, akisifu mitambo yangu: "Petit, leo sono imekamata!"

Nyimbo mbili zikawa tano. Ningeweza kuzima umeme wote. Mkono wangu ulikuwa hatua moja kutoka kwenye swichi.

Safari hii alinyamaza miezi miwili, akiongea na sisi kwa daftari. Hakuandika neno lolote kuhusu retour. Nilingoja aandike. Siku moja mchana, nikiwa naosha vyombo nyuma ya nyumba, alikuja akasimama kando yangu, akanigeuzia mgongo na kuimba mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, ule aliokuwa akituongoza nao tangu utotoni. Chini sauti ilitoka, nzito, kama ya mtu mwingine. Ilipopanda ikawa pumzi tupu.

"Ilitoka?" akauliza.

"Mwanzo, ndiyo."

"Na juu?"

"Hapana, yaya."

Alitikisa kichwa. Alichukua sahani moja kwenye beseni, akaanza kuisuuza.

"Banasema balisha kupata mwimbaji," akasema kwa ile sauti mpya.

"Ndiyo. Binti wa miaka ishirini."

"Anaimba muzuri?"

Nilitaka kumweleza yote. Huyo binti ameshaimba Jumapili nne, mimi nikiwa kwenye meza, na retour ikiwa bado inatazama mto kwa sababu patron hajanunua bafle nyingine. Nyumbani hawakujua kama nimemwambia yule binti lolote kuhusu retour na koo. Sikuwa nimemwambia.

"Anaimba kwa nguvu," nikasema.

Yaya aliiweka sahani juani, akachukua nyingine.